Mgahawa wa Mediterania huanzia ukutani

Mteja anayetaka mgahawa wenye sura ya Mediterania nzima huniletea, mara nyingi, picha za Santorini, kisiwa cha Ugiriki: kuta nyeupe na milango ya buluu. Kisha huongeza taa za Moroko, sahani za Kihispania ukutani na wavu wa kuvulia samaki, na hapo mahali hugeuka duka la vikumbusho. Katika kazi niliyoisanifu ufukweni mwa Málaga, kusini mwa Hispania, tulianza kwa kutafuta vitu ambavyo pande zote za bahari ile tayari zinavitumia, kila upande kwa mkono wake.

Cha kwanza kilikuwa chokaa. Kuta za ukumbi zilipigwa tadelakti, lipu ya Marrakech ambayo fundi huisugua kwa jiwe laini ingali mbichi, kisha huipaka sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, nayo sabuni ikiungana na chokaa huacha utando unaozuia maji. Aliyekulia Lamu au Unguja, penye chokaa ya matumbawe, angeutambua ukuta ule kwa kuugusa tu.

Vigae vilinisumbua zaidi. Majina ya vigae, azulejo la Kihispania na zellige la Kimoroko, yana asili moja ya Kiarabu, kwa hiyo mteja alitaka vigae vya aina zote mbili viwe ukuta mmoja. Nilikataa. Zellige, vigae vya mji wa Fez huko Moroko, hukatwa kwa nyundo, kingo zake hazilingani na mng'ao wake hutofautiana kipande kwa kipande. Ukivibandika kando ya vigae vilivyonyooka, huonekana vibovu. Tuliviweka mbele ya kaunta, vile vya Kihispania vikaenda jikoni.

Kaunta yenyewe, yenye kimo cha sentimita 110, ilisanifiwa kufuata kinywaji. Ouzo ya Ugiriki, raki ya Uturuki, araki ya Lebanoni na pastis ya Ufaransa zote zina mafuta ya kiungo cha anisi, ambayo huyeyuka katika kileo lakini hayayeyuki katika maji; ndiyo maana ukimimina maji, glasi huwa nyeupe kama maziwa. Tulificha taa hafifu chini ya ukingo wa kaunta ili mabadiliko hayo yaonekane, na tukaacha nafasi ya jagi na barafu mbele ya kila mteja.

Upande wa magharibi tuliweka mashrabiya, kimia cha mbao kinachokata jua na kupitisha upepo. Jina lake huhusishwa na kunywa, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa hapo ipoe; sharubati yetu imetoka katika mzizi huohuo. Dagaa wa Málaga huchomwa juu ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga, nasi mashua yetu tuliisogeza ubavuni, kwani mchana upepo hutoka baharini na ungepeleka moshi wote mezani.

Kosa langu lilikuwa dogo na lilionekana sana. Skrubu za kimia zilitajwa tu kuwa za chuma kisichoshika kutu, muuzaji akaleta za daraja 304, na baada ya msimu mmoja wa chumvi michirizi ya kahawia ilishuka juu ya tadelakti. Daraja 316, lenye metali ya molibdeni, ndilo linalostahimili hewa ya bahari. Skrubu tulizibadilisha kwa siku moja. Kipande cha ukuta kilibidi kibanduliwe na kusuguliwa upya.