Matatu Haivuki, Unavuka Wewe

Wiki hii tena. Mgeni kanipigia simu akiwa ndani ya teksi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, katikati ya foleni ya magari pale feri ya Likoni, inayovusha watu kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda pwani ya kusini, ananilaumu eti sikumwambia feri inachelewesha. Nilimwambia apande matatu. Akanijibu kama wanavyonijibu wote: "Lakini naenda Diani, nitavukaje maji bila gari?"

Kwa miguu, ndugu yangu. Na hulipi hata senti.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mombasa na vitongoji vyake, na kama kuna imani iliyonitoa mvi ni hii ya kwamba feri inachelewesha watu. Feri inachelewesha magari. Gari linalipa, linapanga foleni na linangoja nafasi, na nafasi za magari kwenye meli moja ni za kuhesabu. Mwenda kwa miguu anasubiri kwenye banda, geti likifunguliwa anateremka na umati, na mara nyingi meli inayofuata ndiyo yake. Teksi basi inakutoa kwenye kundi linalovuka, ikakutia kwenye kundi linalosubiri, kisha ikakudai pesa ya kusubiri. Zamani hata mabasi ya kutoka Tanga na Dar yaliwashusha abiria wavuke kwa miguu, basi likawafuata. Unadhani kwa nini?

Sasa jambo wanalolikosea hata wenyeji wa Nairobi. Matatu za mjini haziendi Diani. Makanga akiita "Feri! Feri!" ana maana ya ng'ambo hii, upande wa kisiwani, na hapo safari yake imekwisha. Unashuka, unafuata watu kwenye mteremko (simu mfukoni, tafadhali, mfuko wa mbele), unavuka mlango wa Kilindini kwa dakika chache, unapanda mwinuko wa Likoni, ndipo unatafuta matatu ya pili. Ukisimama pale ukingoja mtu aite "Diani" utazitazama tano zikijaa na kuondoka. Wanaita "Ukunda". Ukunda ndiyo iliyo kwenye barabara kuu, kama kilomita 25 kutoka Likoni. Diani ya ufukweni iko chini huko, mashariki, na unaimalizia kwa tuktuk au boda. Anayetaka Shimoni apande za Lungalunga, ashuke njia panda ya Kanana, aitafute boda. Na Diani si Mombasa, ni Kaunti ya Kwale, ingawa hoteli zote zinauza "Mombasa".

Kaskazini sina ugomvi nako. Daraja la Nyali lipo, hakuna kuvuka maji kwa chombo. Matatu ya Mtwapa inapita Bamburi, na Haller Park, ule msitu uliooteshwa juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, uko kando ya barabara hiyohiyo. Mwambie makanga mapema. Magofu ya Jumba la Mtwana ni mbele kidogo ya daraja la Mtwapa, kisha boda hadi baharini. Magofu ya Gede, panda ya Malindi. Fort Jesus ukiwa mjini tembea. Ngome imesimama tangu miaka ya 1590, haitakukimbia.

Je, matatu ni bora siku zote? La. Mwenye masanduku mawili na mtoto mgongoni simpeleki kwenye mteremko ule, na ukiwa na gari barabara ya Dongo Kundu siku hizi inakuepusha na feri kabisa. Nauli nayo sikutajii. Mvua ikinyesha inapanda, jioni inapanda, na mimi niliyezaliwa hapahapa nimeshalanguliwa zaidi ya mara moja. Uliza abiria wa kando yako, usimuulize makanga.

Kuna jingine ambalo huwa siwaambii wageni. Mwaka 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama kwenye kivuko cha Mtongwe ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272. Watu wa Likoni hatujasahau. Jioni, umati unaporudi nyumbani na watu wamebanana hadi kwenye kingo, mimi hurudi nyuma nikaiacha meli iende, nikasubiri ya pili. Wageni wangu hudhani nimesimama nionyeshe mandhari. Sijui kama ni busara au ni woga tu, maana asubuhi yake ninavuka tena bila kufikiri.

Yule wa teksi alinitumia ujumbe saa mbili unusu usiku: amefika Ukunda, amechoka, na anaomba kesho nimtafutie teksi ya kumrudisha mjini.