Minyoo wa filaria hawaoteshwi, wanafugwa

Safari hii nimelisikia kwenye semina ya afya, likasemwa na mtu ambaye elimu yake siitilii shaka: kwamba zipo maabara ughaibuni "zinazootesha minyoo wa matende" kwa ajili ya utafiti wa dawa. Kauli hiyo ina maneno mawili yasiyokaa mahali pake, na kwa kuwa si mara ya kwanza kuisikia, naona bora niieleze dhana yenyewe.

Ufugaji wa filaria (minyoo vimelea wembamba, wakiwemo wanaosababisha matende) maabarani ni kazi ya kuudumisha mzunguko mzima wa maisha ya minyoo hao, kutoka kwa mnyama kwenda kwa mbu na kurudi kwa mnyama, ili watafiti wapate minyoo hai wa kila hatua wanapowahitaji. Maana ni hiyo tu. Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi.

Nashuku kosa linaanzia kwenye neno "kimelea". Neno hili limetoka kwenye "mea", kitenzi cha mbegu na majani, kikapata umbo la "melea", yaani kumea juu ya kitu kingine; kwa hiyo anayesema kimelea tayari ana mmea kichwani, na mmea huoteshwa. Isitoshe, hospitalini tumezoea kusikia kwamba makohozi "yameoteshwa", na hapo kitenzi kinafaa kabisa, kwa sababu bakteria wa kifua kikuu akiwekwa kwenye chupa yenye chakula na joto la kutosha hujigawa, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, bila kuhitaji mwili wa mtu yeyote.

Filaria, ambaye jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzi, hana tabia hiyo. Mnyoo jike huzaa maelfu ya watoto wadogo sana waitwao mikrofilaria, lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kukua katika mwili alimozaliwa. Sharti anyonywe na mbu pamoja na damu, apenye ukuta wa tumbo la mbu, aingie kwenye misuli ya kurushia mabawa, na kujibadili ngozi mara mbili hadi awe lava, yaani mnyoo mchanga, wa hatua ya tatu, kazi inayochukua takribani wiki mbili. Ndani ya mbu haongezeki: aliyeingia mmoja hutoka mmoja, akijaliwa kutoka. Kisha huingia kwenye mwili wa mnyama, akajibadili ngozi mara mbili nyingine, na ndipo anapokomaa. Minyoo wakubwa wanaweza kuwekwa kwenye kisahani chenye maji ya virutubisho wakaishi kwa muda, na dawa nyingi hujaribiwa hivyo, ila huko ni kuhifadhiwa, si kuota.

Ndiyo maana nasema wanafugwa, na tena kwa maana kamili anayoijua kila mwenye zizi. Spishi inayotumika sana ni Brugia malayi, mwenyeji wa Asia. Mbu wake wa maabara ni Aedes aegypti, lakini si yeyote: mwaka 1962 mtafiti Macdonald wa Liverpool alichapisha maelezo ya jinsi alivyochagua, kizazi baada ya kizazi, mbu wanaowaruhusu minyoo hao kukua, kama mfugaji achaguavyo fahali. Mnyama ni panya mdogo wa jangwani mwenye asili ya Mongolia, ambaye watafiti Ash na Riley walionyesha mwaka 1970 kwamba anafaa. Mbu hulishwa damu yenye mikrofilaria. Idadi ya mikrofilaria ikizidi, mbu wenyewe hufa. Lava wakishakomaa, mbu husagwa, lava hujichuja wenyewe kwenye maji ya uvuguvugu, huhesabiwa kwa hadubini na kudungwa kwa panya, kisha hungojewa miezi kadhaa. Kwa hiyo maabara hufuga mifugo mitatu, na mmoja akikosekana, mzunguko unakatika.

Neno la pili, "matende", ni jina la uvimbe wa mguu au mkono, wala si la mnyoo. Wengi wenye filaria mwilini hawana uvimbe wowote unaoonekana. Tena anayesababisha matende na mabusha katika pwani yetu ni Wuchereria bancrofti, ambaye panya wa maabara wamemkataa, hivyo watafiti hulazimika kumtumia Brugia kama ndugu wa karibu.

Nakiri kwamba "kufuga" nako kuna walakini wake, kwa kuwa tunawaonya watu wasifuge ugonjwa, na msikilizaji anaweza kushtuka. Hata hivyo, ndugu yangu wa semina akipanda jukwaani tena, namwomba aseme kwamba maabara zinafuga minyoo wa filaria, na "kuotesha" ayaachie makohozi.