"Mpe tu, haitamdhuru": inamdhuru

Nimeambiwa tena kando ya kitanda: "Huyu ni mzee, Daktari, mpe tu sindano kali ya antibiotiki, haitamdhuru." Kipimo kilishaonyesha influenza, mafua makali yaletwayo na kirusi. Na aliyesema hakuwa ndugu wa mgonjwa, ni mtumishi mwenzetu wa wodini. Ndiyo maana naandika.

Antibiotiki haiui kirusi; hilo tunalijua sote, nalipita. Makohozi ya kijani nayo si ushahidi wa bakteria. Rangi ile inatokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, na chembe hizo hujaa kwenye njia ya hewa hata adui akiwa kirusi.

Kinachonikera ni hilo "haitamdhuru". Mzee wa miaka 78 haji wodini mikono mitupu, anakuja na mfuko wa dawa zake. Ana kisukari, anameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Mwongezee siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, na sukari yake inaweza kushuka vibaya. Usiku anaweweseka, anachomoa dripu, anamwita binti yake kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Asubuhi watu wanasema ugonjwa umepanda kichwani, anaandikiwa antibiotiki ya pili. Sukari hakuna aliyepima! Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongezewa antibiotiki anaweza kuanza kuvuja damu. Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano ambayo siku hizi inatundikwa kama maji, inaua bakteria wema wa utumbo na kumwachia nafasi bakteria mbaya, Clostridioides difficile: mzee anaharisha, anaishiwa maji, figo zinayumba. Na alikuja na kikohozi tu.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kati ya waliolazwa kwa UVIKO-19, ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki. Waliopewa ni kama watatu kati ya kila wanne.

Kuna wakati nami nasita, nakiri. Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa kabisa. Picha ya kifua ya mwenye moyo uliochoka ina ukungu tangu zamani. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, hupanda hata kwa virusi, na prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, haimalizi ubishi. Halafu influenza huwatangulia bakteria wa nyumokokasi na stafilokokasi: mgonjwa anapata nafuu, siku chache baadaye homa inarudi na oksijeni inashuka. Huyo simsubirishi, wala yule anayefika presha imeanguka. Nachukua damu ya kuotesha maabara kutafuta bakteria, naanza dawa, na papo hapo naandika kwenye faili kwamba baada ya saa 48 tunaamua upya.

Saa 48 zikifika bila dalili ya bakteria, nasimamisha. Hapo ndipo naambiwa dozi lazima imalizwe. Dozi ya ugonjwa gani, ikiwa hana? Ndugu nao huuliza kama tumemkatia tamaa mzee wao. Nawaeleza yanayoendelea: oksijeni, oseltamiviri, dawa ya kirusi cha influenza, kwa kuwa alifika mapema, kumkalisha ili akohoe vizuri, kumnywesha kidogo kidogo, na kumpima sukari kabla ya kila mlo na usiku.