Mjonso, sokwe wa Mahale na chupa za sokoni Mwanga

Sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna mzee anayepanga dawa zake juu ya turubai. Magome yamefungwa kwa kamba za katani, unga wa kijani uko kwenye vikopo vya siagi, na chupa za maji ya kunywa zimejazwa kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Kila chupa imeegemezewa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: SUKARI. PRESHA. TUMBO. Ya nne imeandikwa KILA KITU. Nikamwamkia, nikamuuliza hiyo ya kila kitu ina nini ndani. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni ya wale wasiojua wanaumwa nini."

Kazi yangu ni maabara. Siku nyingi nashinda nimeinamia hadubini nikitafuta mayai ya minyoo kwenye choo cha watu. Kwa hiyo jioni, mtaani, mimi ndiye ninayeulizwa kama dawa za miti shamba ni za kweli au ni uongo. Swali lenyewe limekaa vibaya, na yafuatayo ni baadhi ya yale yanayoletwa pamoja nalo.

La kwanza ni la malalamiko: wasomi hawajawahi kuihangaikia miti yetu. Si kweli, na wa Kigoma ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kulisema. Moja ya tafiti za miti dawa zinazojulikana zaidi duniani ilianzia mkoani humu, kwenye Milima ya Mahale, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe tangu 1965. Novemba 1987, Mmarekani Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya kwao tangu utotoni. Walikuwa wakimfuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Alikuwa mgonjwa. Analala mchana, hana hamu ya kula, mkojo umekuwa mweusi, mtoto wake analelewa na wenzake. Akajikokota hadi kwenye kichaka kimoja, akavunja chipukizi, akaondoa majani, akamenya ganda, akatafuna moyo wa shina na kufyonza maji yake. Makapi akayatema.

Kalunde aliujua mti huo. Watongwe wanauita mjonso, majirani zetu Warundi wanauita umubirizi, na jina lake la kitaalamu ni Vernonia amygdalina. Alimweleza mwenzake kwamba kwao ni dawa ya tumbo, minyoo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa anakula na kutembea kama kawaida.

Tukio moja halithibitishi kitu, huenda angepona hata bila mjonso. Ndiyo maana walianza kukusanya vinyesi na kuhesabu mayai ya minyoo, kazi ambayo mimi naijua harufu yake. Kwa sokwe mwingine aliyetafuna mjonso, mayai yalishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20, wakati ambapo kwa wenzake, katika msimu uleule wa mvua, yalikuwa yanapanda. Wakemia wa Kyoto nao wakauchambua mti kipande kwa kipande. Katika moyo wa shina walikuta kemikali waliyoiita vernonioside B1. Majani yalikuwa na nyingine iitwayo vernodalin, ambayo ilipotengwa na kupewa panya wa maabara iligeuka kuwa sumu kali.

Sasa rudi kwa Chausiku. Majani aliyatupa.

Hapo ndipo linapoingia la pili, lile la "dawa chungu ndiyo dawa". Watu wetu wanapima nguvu ya dawa kwa kukunja uso: ikikukunja sana, basi inafanya kazi. Uchungu wa mjonso kweli una kitu ndani yake, ila uchungu huohuo ndio unaokuonya. Na kuna dawa isiyohitaji uchungu wowote. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliripoti kwamba sokwe wa Gombe na Mahale humeza majani yanayokwaruza ya mmea wa Aspilia bila kuyatafuna, asubuhi kabla ya kula chochote, na majani hayo hutoka upande wa pili yakiwa mazima, yamekunjwa vilevile. Watafiti wakaamini ndani yake kuna kemikali ya kuua minyoo, na miaka michache baadaye ikatangazwa kwamba imepatikana. Majani mengine yalipopimwa, kemikali haikuonekana. Kilichoonekana, Huffman na wenzake walipochambua vinyesi vya Mahale, ni minyoo hai iliyonasa kwenye majani. Jani lina vinywele kama msasa. Linapita tumboni likiwa limekunjwa, tumbo linachafuka, linasukuma, na minyoo inatoka nalo. Ni ufagio, si sumu. Sokwe wa sehemu mbalimbali za Afrika wamekutwa wakifanya hivyo na aina zaidi ya 30 za mimea, na kinachofanana ni kule kukwaruza kwa jani.

Naipenda sana habari hii kwa sababu wanasayansi wenyewe ndio waliokosea, wakapima tena, wakajirekebisha. Mtaani kwetu jambo likishatangazwa halirudi nyuma.

La tatu linanijia kwenye simu kila wiki: "Wamepima maabara, wameona inaua bakteria." Ndugu yangu, hata jiki inaua bakteria. Kuua kijidudu kwenye kisahani cha kioo ni hatua ya mwanzo kabisa. Baada ya hapo unauliza kama kitu hicho kinavuka tumbo na kuingia kwenye damu, kama kiasi kinachoua kijidudu hakimuui mwenye kijidudu, na kama wagonjwa waliopewa walipona zaidi ya wale ambao hawakupewa. Dawa nyingi hufia njiani. Nyingine hufika kwingine kabisa. Yale maua ya vinka, ya waridi na meupe, yanayopandwa vibarazani na makaburini, asili yake ni Madagaska, na sehemu kadhaa duniani watu waliyatumia kwa kisukari. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada wakayapima kwa ajili hiyo. Sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zilipungua mno. Ndivyo ilivyopatikana vinblastine, dawa ya saratani, na baada yake vincristine, ambayo hadi leo inatumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Wazee walikuwa sahihi kwamba ua lina nguvu. Nguvu ya kufanya nini, hapo ndipo pa kupimwa.

"Ya asili haina madhara." Hili ndilo linaloniudhi, kwa hiyo nivumilieni. Mama yangu mdogo, wa Ujiji, ana kisukari na anameza vidonge vyake bila kukosa. Mwaka juzi shoga yake akamwambia atwange majani ya mjonso, achuje, anywe glasi moja kila asubuhi. Hakuacha vidonge, maana ni mtu makini, aliongeza tu. Siku ya tano, akiwa anasubiri bajaji, jasho lilimtoka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akakaa chini kwenye vumbi. Waliomzunguka walisema ni presha, mmoja akasema amerogwa. Kijana wa duka la jirani, Mungu ambariki, akamnywesha soda. Tulipompima sukari baada ya soda hiyo, kipimo bado kilisoma 2.4, yaani chini mno.

Majani ya mjonso yameshusha sukari kwa panya wenye kisukari katika majaribio ya maabara. Vidonge navyo vinashusha. Mtu akivitumia vyote viwili kwa pamoja, na asubuhi hajala, sukari inaporomoka. Dawa ile haikuwa ya uongo. Ilimwangusha kwa sababu inafanya kazi, na kwa sababu muuguzi wake wa kliniki hakuambiwa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Wangenigombeza." Na kweli, wapo wahudumu wanaogomba, na kila anayegomba anamfundisha mgonjwa kunyamaza.

Tabora nako, kwenye miombo, kuna mti Wanyamwezi wanauita nengonengo. Kwangua ganda la mzizi wake ulinuse: unanukia dawa ya kuchua misuli, kwa sababu una methyl salicylate, kemikali ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuchua, na ni ndugu wa aspirini. Mzizi huohuo umeshaua watu. Mfano mwingine ni mwarobaini, tuliouita hivyo kwa sababu eti unatibu magonjwa arobaini, na tunaouita wa asili ingawa asili yake ni Bara Hindi. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopata sumu kali baada ya kunyweshwa mafuta yake.

Kuna wanaoamini pia kwamba dawa ikichemka sana ndivyo inavyokolea. Muulize Tu Youyou wa China. Akitafuta dawa ya malaria, mmea wa Artemisia annua ulimpa majibu yasiyotabirika, hadi aliposoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kinachosema uloweke kwenye maji na uukamue. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa, akatumia njia ya joto dogo, ikakubali. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Na kabla hujakimbilia kuipanda nyuma ya nyumba: Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia kwa malaria. Kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki, homa hurudi, na vimelea hujifunza kuivumilia.

Linabaki lile la wizi, kwamba wakipima dawa zetu watatuibia. Hili siliiti dhana potofu moja kwa moja. Magome ya Prunus africana, mti wa misitu ya milimani Afrika, yalisajiliwa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, Ufaransa mwaka 1966 kama dawa ya tezi dume. Majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yalipojumlishwa, dawa ilionekana kusaidia mkojo kwa kiasi. Lakini miti ilibanduliwa magome hadi ikakauka, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Wanaokataa dawa zao zipimwe kwa kuogopa kuibiwa wana historia upande wao.

Hata yule mzee wa Mwanga alipelekea maneno huko. Nilimsimulia habari yote ya Mahale huku akifuta chupa zake vumbi. Nilipofika kwenye majani kutupwa, akanikatisha: "Kwani mimi nani alikwambia nampa mtu majani ya kunywa?" Akanyamaza kidogo. "Na yule Mtongwe, walimwandika?"

Nikamwambia ripoti ya 1989 ina majina mawili, na lake ni mojawapo. Akaniomba nilitaje. Nikalitaja. Akalirudia polepole, kisha akanikabidhi chupa ya TUMBO, akasema niipeleke huko kwenye hadubini yangu, na nisisahau kumrudishia chupa.