Kutoka yadi na futi kwenda mita: tahadhari kwa wanunuzi wa ardhi

Hati miliki ya ardhi nchini Tanzania huonyesha ukubwa wa eneo kwa mita za mraba au hekta, lakini mazungumzo ya kuuziana shamba bado huendeshwa kwa ekari na hatua, na nchini Kenya kwa ekari na futi. Mnunuzi anayeshindwa kuhama kwa usahihi kutoka kipimo kimoja kwenda kingine anaweza kulipia ardhi ambayo haipo, hata pale ambapo muuzaji hakukusudia kumdhulumu.

Hesabu yenyewe haina utata. Kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Kwa kuwa yadi ina futi tatu, na futi ina inchi 12, futi moja ni mita 0.3048 na inchi moja ni milimita 25.4. Tarakimu hizi si makadirio, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzikata kabla ya hesabu kufika mwisho.

Tuchukue kanuni inayojulikana sana vijijini, kwamba ekari moja ni sabini kwa sabini. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na sabini mara sabini ni 4,900, hivyo kanuni hiyo inakaribia sana ukweli ikiwa kila hatua ina urefu wa yadi moja. Tatizo huanza pale mtu anapoipeleka kwenye mita bila kubadili kitu. Eneo la mita 70 kwa 70 lina mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni takribani mita za mraba 4,047; anayeuza kwa bei ya ekari moja hapo anatoa zaidi ya mita za mraba 850 bure, eneo linalotosha viwanja viwili vya mita 20 kwa 20. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa mnunuzi. Mpimaji mwenye hatua fupi ya sentimita 75 akihesabu sabini kila upande, atakuwa amezungushia mita 52.5 kwa 52.5, yaani mita za mraba 2,756 hivi, ambazo ni kama theluthi mbili tu ya ekari. Ekari ya mraba kamili ina upande wa mita 63.6, na ni vyema kila mnunuzi aikariri namba hiyo.

Kosa jingine hutokea kwenye eneo. Ploti ya futi 50 kwa 100, iliyozoeleka sana Kenya, ina futi za mraba 5,000. Wapo wanaozidisha 5,000 kwa 0.3048 na kupata 1,524, jambo lisilowezekana kwa ploti ya kiasi hicho. Njia salama ni kubadili kila upande kwanza: futi 50 ni mita 15.24, futi 100 ni mita 30.48, na zao lake ni takribani mita za mraba 464.5, au hekta 0.0465. Ploti hiyo huitwa thumuni (moja ya nane) ya ekari, ingawa thumuni halisi ni mita za mraba 506 hivi. Tofauti ya mita 41 za mraba inatosha vyumba kadhaa, nayo hulipiwa kwa bei ileile ya ardhi nyingine.

Angalia pia idadi ya inchi isiandikwe moja kwa moja kama desimali ya futi. Futi 60 na inchi 6 ni futi 60.5, wala si 60.6.

Kabla ya kulipa, pimeni kwa tepu ya mita mkiwa pamoja na muuzaji, kisha mwandike katika mkataba urefu wa kila upande kwa mita pamoja na eneo lote kwa mita za mraba. Neno ekari likibaki peke yake kwenye karatasi hiyo, kataeni kutia saini hadi vipimo viongezwe.