Eti bila uraia hufungui akaunti ya benki ugenini?

Wengi wanaamini ukihamia nchi nyingine huwezi kufungua akaunti mpaka upate uraia, au angalau kazi. Inaeleweka, maana mtu akikataliwa kaunta moja tu anajua basi ndo sheria. Kumbe benki kinachoibana hasa ni kujua wewe ni nani na unaishi wapi, uraia ni kitu kingine. Kanada kwa mfano kutokuwa na kazi sio sababu ya kukunyima akaunti, na nchi za Umoja wa Ulaya kuna sheria ya 2014 inayompa mkazi halali, hata muomba hifadhi, haki ya akaunti ya msingi na benki ijibu ndani ya siku 10 za kazi. Marekani sheria inaruhusu namba ya pasipoti kwa asiye raia, ila kila benki ina masharti yake, hapo ndo watu wanachanganyikiwa.

Kinachosumbua kweli ni uthibitisho wa anwani, we hata nyumba hujapata! Soma orodha ya nyaraka kwenye tovuti ya benki yenyewe, linganisha na ya msimamizi wa mabenki wa nchi hiyo, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi.