Je, wajua kwa nini kijana wa chuo mwenye misuli bado hujiona mwembamba?

Katika jimu za bei nafuu za Kampala, zile ambazo vyuma vyake ni gia kuukuu za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, anayelalamika sana kwamba hana mwili huenda akawa ndiye mwenye mabega mapana kuliko wenzake wote. Hajidai. Ndivyo anavyojiona kweli.

Harrison Pope, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliieleza hali hii pamoja na wenzake mwaka 1993 baada ya kuwachunguza wanyanyua vyuma wa Marekani, na mwaka 1997 wakaiita dismofia ya misuli. Wengi wa vijana wetu hawana ugonjwa huo, lakini chembe yake wanayo, na chanzo chake kilionekana wazi katika utafiti ambao Pope na wenzake walitoa mwaka 2000. Vijana wa umri wa chuo kutoka Austria, Ufaransa na Marekani walioneshwa kwenye kompyuta picha ya mwili wa mwanamume, ambayo misuli na mafuta yake viliweza kuongezwa au kupunguzwa, wakaombwa kuchagua mwili unaofanana na wao, mwili ambao wangependa kuwa nao, na mwili ambao waliamini wanawake wanaupenda. Mwili waliotamani uliwazidi kwa takriban kilo 13 za misuli, na ule waliodhani wanawake wanautaka uliwazidi kwa kilo 14 hivi. Wanawake walipoulizwa wenyewe, walichagua mwili wa kawaida tu.

Kwa maoni yangu, kilo hizo ndizo kiini cha jambo lote, kwa kuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Makerere au cha Kyambogo anayejinyima usingizi ili aongeze kifua anawafanyia kazi mahakimu, yaani wanawake, ambao yeye hajawahi kuwauliza neno. Hakimu wake wa kweli ni wanaume wenzake, hasa wale wa kwenye simu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu asiye na kipimo cha uhakika hujipima kwa watu wengine, nao wanaojaa kwenye TikTok ni wale waliopiga picha mara tu baada ya mazoezi, damu ikiwa bado imejaa msulini, huku taa ikimulika kutoka pembeni. Jicho nalo huzoea: likitazama miili mikubwa kwa muda, mwili wa kawaida huanza kuonekana mdogo.

Kinachozidisha tatizo ni ukimya. Anayeitwa kijiti na wenzake bwenini hucheka pamoja nao, kisha huvaa jaketi pana hata jua likiwa kali, kwa sababu mwanamume kulalamikia umbo lake huonekana kuwa udhaifu.

Wengine hukimbilia njia za mkato. Unga wa protini hula fedha za matumizi bure, ilhali sahani ya posho, yaani ugali wa mahindi, na maharagwe, ambayo wanafunzi huidharau, ina protini zinazokamilishana, kwani maharagwe yana kwa wingi lisini, kijenzi cha protini ambacho mahindi yamepungukiwa nacho. Steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama homoni ya kiume, ni hatari zaidi: ubongo ukihisi kwamba homoni ya kiume imezidi mwilini, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo hunywea na mbegu za uzazi hupungua, mbali na madhara kwa moyo.

Dalili kwamba mambo yamevuka mpaka haiko kwenye ukubwa wa misuli bali kwenye ratiba: kijana anakosa mtihani ili asikose mazoezi, anakataa chakula cha harusini, anajitazama kwenye kioo mara kwa mara au anakikwepa kabisa. Hapo tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na mazoea husaidia, na wakati mwingine dawa za sonona huongezwa. Makerere ina kituo chake cha ushauri nasaha kwa wanafunzi, na Hospitali ya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, hushughulikia hali zilizozidi.